Ploti ya Bibi Zipora

Neno lenyewe ni dogo, lina herufi tano tu. Lakini siku lilipomwingia Bibi Zipora sikioni lilishuka moja kwa moja hadi magotini, akashika nguzo ya banda la mbuzi ili asikae chini kama mtoto.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na moja, alasiri, kule ng'ambo ya Zuzu ambako treni unaisikia lakini huioni. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kongwa. Yanakuja, yanatishia, yanarudi. Gari jeupe lilisimama nje ya ua wa miba. Akashuka Nikodemo, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye Zipora alimjua tangu anakimbia bila suruali. Nyuma yake akashuka dada mmoja mwenye miwani na kofia pana, na mwanamume mnene aliyebeba kamba begani.

"Mbukwenyi," Nikodemo alisalimia kwa Kigogo, kisha akageukia Kiswahili kwa ajili ya wageni. "Mama, hawa ndio watu wa vipimo niliowatangaza kwenye mkutano. Huyu ni Tumsifu, ndiye kiongozi wao. Huyu mwenye kamba ni Mustapha."

Zipora hakuwepo mkutanoni. Wiki ile alikuwa Kongwa, kumzika dada yake. Lakini aliona haya kusema mbele za watu kwamba hajui kinachoendelea kitongojini kwake, akatikisa kichwa kama anayejua.

"Shikamoo bibi," alisema Tumsifu, akikunja goti kidogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaeni mnywe togwa. Ila kwangu togwa hainywewi bure. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana mdomo, hana meno. Anakunywa mara moja kwa mwaka, na kila akinywa mdomo unapanuka."

Tumsifu alifikiri, kikombe mkononi. "Lambo?"

"Siyo."

"Mtungi," alisema Mustapha.

"Mtungi gani unapanuka mdomo, baba? Labda huo ulio tumboni mwako." Wakacheka wote, Mustapha kuliko wote. "Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Haya bibi, nakupa Dodoma."

"Dodoma ilikuwa yetu, wakaja watu wakaichukua. Nipe mwingine."

"Basi chukua Morogoro."

"Morogoro nimeipokea, kule kuna maji. Jibu nakuwekea mpaka kesho, uende ukaumwe na kichwa."

Ndivyo walivyoanza, kwa kicheko. Wageni wakaenda kuzunguka mlimani na Nikodemo, naye Zipora akaenda kumfungulia mwanambuzi aliyekuwa analia bandani. Akiwa kule nyuma alizisikia sauti zao zikirudi, wakapita upande wa pili wa banda bila kumwona.

"Hapa kwa bibi tutaweka ploti nne," Tumsifu alikuwa anasema. "Ile ya juu ya korongo ndiyo nzuri kuliko zote. Kesho asubuhi tunakuja na vigingi, tunapiga kamba, tunaweka namba."

"Na bibi mwenyewe?" aliuliza Mustapha.

"Nitamweleza kesho. Hakuna wasiwasi."

Gari likawaka, likaondoka. Zipora akabaki ameshika nguzo.

Ukimwambia mtu wa mahali pengine neno ploti, labda atakuuliza ni kitu gani. Mwambie mtu wa Dodoma, hata awe kipofu, atakuonyesha kwa mkono ilipokuwa ya kwake. Zipora alizaliwa Nkuhungu, enzi hizo Nkuhungu ni uwele na mtama mpaka macho yachoke. Siku moja, mwanawe Denis akiwa bado mgongoni, walikuja watu wenye darubini ya miguu mitatu. Walikuwa na adabu sana. Walikunywa togwa ya baba yake, wakasifu, wakasema, "Mzee, usiwe na wasiwasi." Mwezi uliofuata zikaota bikoni, alama za mipaka za saruji, katikati ya uwele, kila moja na namba yake. Baba yake alikuwa akizunguka na jembe begani akitafuta mahali pa kulitua, na kila alipolitua akaambiwa, mzee, hii ni ploti ya mtu, kiwanja cha nyumba. Alikufa akiwa bado analibeba lile jembe, kwa namna ya kusema.

Ndipo Zipora na mumewe Zablon wakahamia huku, kwenye mlima ambao hakuna aliyeutaka. Na kweli haukuwa na cha kutakiwa. Ulikuwa umekatwa ukabaki mwekundu kama kidonda, na chini yake kuna korongo. Ile mvua ya elnino korongo lilikula jiko la jirani pamoja na mafiga. Zablon alipofariki walimzika juu, mahali salama, hatua arobaini kutoka ukingoni. Zipora alizihesabu mwenyewe kwa miguu yake. Baada ya masika mawili akahesabu tena: thelathini na moja. Akahesabu tena: ishirini na mbili. Korongo lilikuwa linamfuata mumewe.

Miaka kumi na miwili iliyopita ndipo walipofundishwa kisiki hai. Haikuwa kazi ya ajabu. Ardhini mle mlikuwa na visiki vya migunga, mikole na milama, vinachipua kila mwaka na kuliwa na mbuzi kila mwaka. Unachagua kisiki, unaacha machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unayapogoa, halafu unafunga kitambaa. Kitambaa ndicho kinachosema: huyu ana mwenyewe, msimguse. Zipora alichana kanga zake kuukuu zote. Watoto wakawa wanamtania kwamba mlima wa bibi unajifunga kanga. Miti ikapanda, ikampita kimo, nyasi zikarudi chini yake, na kila mwaka baada ya mvua alipotoka kaburini akihesabu hatua zilikuwa ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili.

Sasa ploti nne. Na ile ya juu ya korongo ndiyo nzuri kuliko zote.

Denis alirudi na pikipiki yake jua likizama. Ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwepesi wa moyo kama marehemu baba yake, na mwepesi wa hasira pia. Alimkuta mama yake amepika ugali wa uwele, mlenda ameusahau motoni umeungua.

"Mama, unaumwa?"

Zipora akamsimulia. Denis aliacha tonge mkononi.

"Walisema ploti? Ulisikia vizuri?"

"Masikio yangu hayajazeeka."

"Na vigingi?"

"Na namba."

"Basi tumekwisha." Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, wakishapiga vigingi hata kuni hutaokota hapa. Atakuja mwenye ploti na katapila, miti yote ataisukumia korongoni siku moja, na mzee wangu humo humo. Bora nikate mwenyewe. Kwa Ambokile kule Zuzu kuna msumeno wa mafuta. Miti tunaijengea mahali tutakapohamia. Tutaondoka na kitu, siyo kama babu."

"Miti ile ndiyo inayomshikilia baba yako."

"Ikiwa ploti ya mtu itamshikilia vipi?"

Zipora alimwona akilini baba yake na jembe begani, akizunguka. Angeweza kumpigia Nikodemo simu akauliza. Lakini kuna hofu ya namna hiyo, watoto wangu, ambayo haitaki kuuliza, kwa sababu inaogopa kujibiwa. Alitazama pembeni, akatoa neno la pili la siku ile, dogo kuliko la kwanza, herufi nne tu.

"Kata."

Alfajiri Denis aliwasha pikipiki akaenda Zuzu. Zipora hakuwa amelala. Alijitanda kanga yake nzuri, ile aliyonunuliwa kwenye harusi ya binti yake, akachukua fimbo, akaenda kukaa nje ya ua, penye njia ya kwenda kaburini kwa Zablon. Kama ni kumhamisha marehemu, wampite yeye kwanza.

Saa mbili gari jeupe likaja. Tumsifu alishuka na vigingi kwapani, vimepakwa rangi nyekundu nchani. Zipora alipoziona zile ncha alisimama.

"Shikamoo bibi. Umeamkaje?"

"Sijaamka. Sikulala."

"Pole. Unaumwa?"

"Mnaniuma ninyi." Aliinua fimbo. "Mjukuu wangu, hapa huweki ploti. Labda uniweke mimi kwanza, uniandike namba, halafu uendelee. Nkuhungu mlichukua, nikanyamaza. Togwa yangu mkanywa. Mnataka na mume wangu?"

Tumsifu alimgeukia Mustapha. Mustapha alikuwa ameshatua kamba chini, anajikuna kisogo.

"Bibi, nani amekwambia tunachukua shamba?"

"Wewe. Kwa kinywa chako. Ploti nne, vigingi, namba. Nilikuwa bandani."

"Mungu wangu," alisema Tumsifu, akaviacha vigingi vikaanguka vyote. Akaja akapiga magoti mbele ya Zipora, akamshika mikono. "Bibi, nisamehe. Ni sisi na maneno yetu ya kazini. Ploti kwetu ni kipande tu tunachozungushia kamba ili tuhesabu vilivyomo. Hatua ishirini hivi kwa ishirini. Tunahesabu miti, tunahesabu majani, tunachota udongo wa kujaza kopo. Tukimaliza tunakunja kamba yetu. Ardhi inabaki hapa hapa, na wewe juu yake."

"Na namba?"

"Namba ni ya daftarini, nikirudi mwakani nijue hii ni ipi."

"Na vigingi?"

"Bibi, vigingi ukitaka utapikia."

Zipora alimkazia macho. Alimtazama jinsi unavyomtazama mtu anayekuuzia kuku. Hakuona uongo.

"Sasa mnahesabu miti ya nini? Imewaibia?"

"Unauona mlima ule wa pili? Walifyeka wakalima alizeti. Wewe kwako umeacha visiki vikaota. Mvua ile ile, udongo ule ule. Tunataka kujua kila mlima umekuwaje: maji yanaingia ardhini au yanakimbia, udongo unabaki au unaondoka. Huenda tukakuta kazi yako imesaidia sana. Huenda tukakuta imesaidia kidogo kuliko tunavyosema kwenye mikutano. Hatujui. Ndiyo maana tunapima kabla mvua haijaanza."

Zipora akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha ajabu, kinatoka na machozi, mabega yote yanaruka. "Kamba! Usiku mzima nimehama na mizigo kichwani, kumbe kamba!" Tumsifu naye akacheka, na Mustapha akacheka, ndipo upepo ukageuka, na kutoka mbali chini, nyuma ya kichuguu, ikaja sauti kama ya nyigu aliyefungiwa kwenye debe.

Zipora aliacha kucheka, akageukia kule.

"Bibi, ni nini?"

"Denis," alisema. "Nilimwambia akate."

Tumsifu alitoa simu, akatajiwa namba, akapiga. Ikaita. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata. Nani atasikia simu mbele ya msumeno? Zipora alikuwa ameshaanza kukimbia. Miaka sitini na sita, magoti mabovu, lakini alikimbia. Kandambili moja ikabaki njiani, miiba ikamchoma, hakuisikia. Alichosikia ni kile kitu kinaunguruma, kinanyamaza, halafu mti unaguna, halafu unapiga chini. Kila mti ulipopiga chini yeye aliusikia kifuani. Akawa anaomba kwa sauti, "Baba, usilale, nakuja," na hakujua anamwambia Mungu au Zablon.

Alipokizunguka kichuguu aliona mbingu mahali ambapo hakuwa ameiona kwa miaka mingi. Ambokile, fundi wa msumeno, alikuwa ameinama kwenye mgunga mwingine. Denis alikuwa anauvuta kwa kamba.

"Acheni! Acheni! Denis!"

Hawakumsikia. Alienda akajitupa mbele ya ule mgunga, akaukumbatia. Ambokile aliruka nyuma, msumeno ukazima.

"Mama! Ungekufa!" Denis alipiga kelele, mikono kichwani.

"Siyo ploti," Zipora alisema, pumzi hana. "Siyo ploti ya kuuza. Ni kamba tu. Wanahesabu."

Denis alimwangalia, akamwangalia Tumsifu anayefika mbio, akaiangalia miti iliyolala. Ilikuwa kumi na mmoja. Yote ya ukingoni kabisa, ile iliyokuwa imesimama bega kwa bega kati ya korongo na kaburi. Mmoja ulikuwa ule wa kwanza kabisa kufungwa kitambaa; kipande cha kanga kilikuwa kimemezwa na gome, kimebaki kinachungulia kama ulimi.

"Mama," Denis alisema polepole, sauti imemshuka. "Ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

Hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Alisogea ukingoni akatazama chini. Korongo lilikuwa kavu, jekundu, limetulia. Upande wa Kongwa mawingu yalikuwa yameshuka, meusi tumboni, na safari hii hayakurudi nyuma.

Tumsifu naye alisogea, akachungulia. Akavuta pumzi. "Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "lile jibu. Ni korongo."

"Ni korongo, mwanangu."

"Basi nirudishie Morogoro yangu."

"Chukua. Sina nguvu ya kutawala mji leo." Kisha akamgeukia. "Sasa kwenye daftari lako utaandikaje? Utaandika miti ilikuwepo, au haikuwepo?"

Tumsifu aliihesabu miti kwa kidole. "Nitaandika nilichokikuta, bibi. Miti kumi na mmoja, imekatwa leo asubuhi. Siwezi kuandika vingine, hata kwa ajili yako."

"Sikukuomba vingine. Andika na aliyesema kata."

Ambokile ndiye aliyeanza kazi, mtu ambaye hata hakujulikana vizuri pale. Alishika tawi moja la mgunga, akaliburuta hadi ukingoni, akalilaza kwa kukingama kwenye mdomo wa korongo, miiba ikielekea juu, akasema, "Maji yakifika hapa angalau yatajikwaa." Denis akashika la pili. Mustapha, na tumbo lake, akashuka hadi ndani kupanga mawe. Walifanya kazi hadi mchana, hakuna aliyekula, kila mtu anatupa jicho angani. Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali, kama mtu anayesogeza kabati nyumba ya pili, na Zipora akaruka kama amechomwa sindano.

Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye visiki. Alikagua kimoja kimoja kwa vidole. Mbichi bado, vinatoa maji. Alijivua ile kanga ya harusi, akaitia meno pindoni, akaichana. Ilitoa sauti kama ya mtu anayevuta kamasi. Tumsifu alitaka kumzuia, kisha akaona anachokifanya, akaja akashikilia upande wa pili. Vipande kumi na kimoja. Wakafunga kisiki kwa kisiki.

Mvua ilianza Alhamisi jioni. Haikuwa na haraka ya kuisha. Zipora alikaa ndani na Denis, taa mezani, akasikiliza korongo likinywa. Linapokunywa lina sauti yake, ya koromeo, na mara kwa mara huja mwanguko mzito wa donge la udongo, pu, halafu kimya. Walizihesabu zile pu bila kuambizana. Denis alisema mara moja, "Mama, nisamehe," naye akamjibu, "Tuliogopa wote wawili, mwanangu," basi, wakaendelea kusikiliza.

Ijumaa jua lilipochomoza gari jeupe lilikuja na tope hadi madirishani. Zipora alikuwa ameshasimama kaburini, miguu mitupu, hataki kuanza mpaka awe na mtu.

"Bibi, nina futi ya kupimia hapa," alisema Tumsifu.

"Kaa nayo. Nishike mkono."

Akaanza. Moja. Mbili. Tumsifu alihesabu naye. Walipofika kumi Zipora alipunguza mwendo. Kumi na tano. Kumi na tisa. Ishirini. Mbele yao matawi ya migunga yalikuwa yamejaa udongo na majani, yamevimba, yameshika. Ishirini na moja. Aliinua mguu wa ishirini na mbili, akaurudisha. Hapakuwa na pa kukanyaga.

Aliketi pale pale kwenye tope.

"Hatua moja," alisema. "Imeondoka na hatua moja."

"Moja tu, mama," alisema Denis nyuma yake. "Mvua yote ile."

"Moja tu, mwaka jana sifuri." Alikaa akikitazama kile kisiki cha kwanza, kitambaa chake kimelowa, kimeng'ang'ania. Masika yalikuwa bado mbele yote. Hofu haikuwa imetoka. Ilikuwa imekaa naye kwenye tope kama jirani. Kisha akanyoosha mkono. "Tumsifu, vigingi vyako viko wapi?"

"Viko kwenye gari, bibi. Nilifikiri ploti hii tuihamishie juu, kwenye miti iliyobaki."

"Juu kuna nini cha kupima? Kule mimi sikeshi kwa hofu. Weka ploti hapa. Hapa kwenye visiki. Uandike na hatua zangu zote, tangu arobaini, nitakutajia. Na mwakani urudi unihesabie tena."

Denis alienda garini mwenyewe. Alirudi na kigingi chenye ncha nyekundu, akakisimamisha mahali mama yake alipomwonyesha kwa kidole, akatafuta jiwe la kugongea.